Nimerudi nyumbani, ila nyumba yenyewe sina

Jamani nimerudi, miaka 11 sio mchezo. Naandika hapa nikiwa kwenye kochi la dada, wiki ya saba hii, begi liko nyuma ya mlango na kila alfajiri nakunja shuka kabla watoto hawajaamka ili sebule irudi kuwa sebule. Dada hajasema kitu, ila juzi usiku nimemsikia shemeji anauliza kwa sauti ya chini "amepata?" nikajifanya nimelala.

Wanasema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Chumba cha mwisho nilichoonyeshwa na dalali kilikuwa kinakula zaidi ya nusu, afu choo cha kushea!

Nilikokuwa, Ufini, tangu 2008 wana mpango wa kumpa mtu asiye na makazi nyumba kwanza, anakabidhiwa funguo, anasaini mkataba kama mpangaji yeyote, kodi anasaidiwa na serikali, habari za pombe na kutafuta kazi zitafuata akiwa ameshalala vizuri. Mabweni mengi ya dharura wakayageuza vyumba vya kupanga. Sio peponi kule, Helsinki kodi inauma vilevile na wasio na makwao bado wapo, ila yani nilikuwa naona kitu cha kawaida tu mpaka nilivyorudi.

Mtaa tuliokulia umebomolewa wote, yamesimama maghorofa. Jana saa tatu usiku nikasimama pale nikahesabu madirisha yenye taa, manne. Jengo zima! Wenye hela wamenunua wamefunga, wanasubiri bei ipande wauze, wamegeuza nyumba benki.

Anayelala pale kweli ni mlinzi, tena chini kwenye maegesho, katandika maboksi, yunifomu kaitundika kwenye msumari imenyooka kabisa. Anakoishi ni mbali, akisema arudi kila siku nauli inamaliza mshahara, kwahiyo anaenda kwake mara moja kwa wiki. Nikamuuliza kiboya tu, huna pa kulala? Akanijibu "kaka mimi nina kazi," kama vile nimemtukana, na kweli nilimtukana, manake na mimi nina kazi na nipo kwenye kochi la watu.

Tukapiga stori mpaka saa tano. Naondoka akaniita, akasema nikipata chumba kikubwa nimshtue, tutagawana kodi.