Jumamosi yangu: fundi wa amplifaya mchana, panki usiku

Saa 12 asubuhi. Umoja, Nairobi. Nakunywa maji moto ya tangawizi kwa ajili ya koo, kisha napiga gitaa la besi bila kulichomeka popote, nyuzi zikilia kama nzi aliyefungiwa koponi. Kuna neno limenikwama tangu Jumatano: "hawatatunyamazisha". Silabi nane. Wimbo wenyewe unakimbia mapigo 190 kwa dakika, na neno linaujaza mzunguko mzima wa ngoma. Pa kuvuta pumzi hapapo.

Saa 3. Luthuli Avenue, kwenye meza yangu mlangoni pa duka la spika. Unga wangu unatoka hapa, si kwenye panki, ile roki ya kasi na makelele ninayoipiga usiku.

Saa 4:30. Mzee wa kanisa kaleta amplifaya iliyozima katikati ya maombi. Nafungua: kapasita mbili zimevimba kama mandazi, na fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ya kanisa, jamani! Mzee anaona sugu za vidole vyangu.

"Binti, wewe nawe hupiga muziki wapi?"

"Klabu, mzee."

Kimya. Nikaendelea kulehemu.

Jirani wa meza, anayejua napiga panki, akadakia kwamba huo ni muziki wa wazungu. Nimechoka na hilo. Bad Brains, weusi wa Washington, walikuwa wakiupiga tangu miaka ya 1970. National Wake waliupiga Johannesburg kuanzia 1979, weusi na weupe bendi moja, katikati ya ubaguzi. Hapa kwetu tuna Crystal Axis.

Saa 10. Mazoezi, chumba cha kukodi kwa saa, kuta zimebandikwa trei za mayai ambazo hazizuii chochote. Kiswahili kinafaa kwa makelele: karibu kila neno linaishia irabu, na irabu unaweza kuivuta hadi mishipa ya shingo isimame. Taabu ni mkazo. Ukiuondoa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unasikika kama mtalii.

"Dada, sema hatutanyamazishwa," mpiga ngoma ananiambia. "Ni saba."

Tukajaribu. "Zi", silabi yenye mkazo, ikatangulia snea, ile ngoma ndogo kali, na wimbo ukachechemea. Mara ya nne nikachelewa kuingia kwa bahati mbaya: pigo la kwanza nikavuta pumzi, ndipo nikaanza. Ha-tu-ta-nya-ma-ZI, na snea ikaanguka papo hapo. Tuliurudia hadi mwenye chumba akagonga mlango.

Saa 4 usiku. Klabuni, watu kama arobaini. Dakika ishirini na mbili, nyimbo kumi. Uzi mmoja ulikatika kwenye wa sita, nikamalizia na nyuzi tatu. Neno liliingia.

Saa 7. Tumegawana pesa za mlangoni: shilingi 650 kila mmoja. Uzi mmoja wa besi ni ghali kuliko hapo. Simu inatetemeka mfukoni, ujumbe wa mzee tangu saa mbili: "Fundi, imewaka lakini inanguruma. Ibada ni saa tatu."