Ami, Kusi na Ziwa Ngozi

Kwa mtu wa Mbeya, kwenda Ziwa Ngozi ni shughuli ya Jumamosi moja. Anapanda gari la Tukuyu asubuhi, anashuka njiani baada ya Uyole, anapanda mlima, na Magharibi inamkuta yuko kwao. Kwa sisi wa mji wa Mkoani, Pemba, kabla ya siku hiyo moja kuna boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, halafu basi la kutwa nzima, kilomita zaidi ya 800 za lami. Nauli ya kwenda na kurudi si pesa ya mchezo kwa mshahara wa mwalimu. Ndiyo maana siku yenyewe ya kupanda ilibidi ipangwe kwa dhati. Ikiharibika, huwezi kusema utajaribu tena wiki ijayo.

Mimi nafundisha jiografia. Kila nikifika kwenye mada ya volkano nachora kaldera ubaoni: mlima unalipuka, tumbo lake linabaki tupu, kilele kinatumbukia ndani, shimo linajaa maji ya mvua. Watoto wananakili. Lakini hawa ni watoto wa Pemba, kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakifiki hata mita 150 juu ya bahari, na hakosekani mmoja wa kuinua mkono: “Mwalimu, umeshaiona?” Nilitaka siku moja nijibu ndiyo.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuoni Dodoma kwao ni Tukuyu, na yeye ndiye aliyenitia hamu ya Ngozi. Ziwa lenyewe liko ndani ya Milima ya Uporoto, maji yake yako kiasi cha mita 2,060 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kaldera unapanda mpaka mita 2,620 kwenye kilele. Urefu wake ni kama kilomita mbili na nusu, na kuta zilizolizunguka zimevaa msitu kutoka juu mpaka majini. Hakuna mto unaotoka.

Mwaka ule, 2018, Idi ilikuwa katikati ya Juni. Uchumaji wa karafuu ukishapamba moto hakuna mtu wa Pemba anayebaki na nafasi, kwa hiyo Julai ndiyo iliyobaki. Na Julai ilitufaa kwa sababu nyingine: ni kiangazi kule nyanda za juu, mvua kubwa zimekwisha, njia ya msituni haitelezi sana. Tulikuwa walimu watatu, wanawake wawili na mwanamme mmoja, pamoja na binamu yangu. Baada ya Isha tukakutana nyumbani kwa ami, ndugu yake baba yangu, barazani, kwa kuwa baraza yake ni pana na taa yake inaonesha.

Ami alikuwa nahodha wa jahazi maisha yake yote. Mlima hajawahi kuupanda. Alikaa kwenye ncha ya baraza na kikombe chake cha kahawa, akatusikiliza tunavyogawana mambo: nani atakata tiketi, nani atauliza nyumba ya wageni, treni ya TAZARA au basi. Treni niliitamani, kusema kweli, ila haitoki kila siku na siku zake hazikukubaliana na boti. Tukaandika basi. Tulipofika kwenye siku ya mlima nikasoma tulichopanga: kunywa chai vizuri Mbeya, kuondoka saa tatu, kufika ukingoni saa saba, kushuka mpaka majini, kurudi.

“Kurudi saa ngapi?” akauliza ami.

Binamu akasema tutaangalia huko huko.

“Hapana, mwanangu. Saa ya kugeuza chombo inawekwa kabla hujatweka tanga. Ukiisubiri baharini, si wewe utakayeiweka.” Kisha akaniangalia mimi. “Na huko mlimani upepo unatoka wapi?”

Hilo hatukuwa nalo. Nikampigia rafiki yangu wa Tukuyu, nikaweka spika, simu nikaiweka katikati ya vikombe.

“Shikamoo baba,” alisema.

“Marahaba mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo? Nieleze wingu la huko. Linakuja lini, na linatokea upande gani?”

Yule rafiki yangu kakulia chini ya Mlima Rungwe, hakuhitaji kufikiri. Alisema miezi hii asubuhi huwa nyeupe, milima yote inaonekana. Saa tano, saa sita, wingu linaanza kupanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na likishaingia kwenye shimo la Ngozi unaweza ukasimama ukingoni usione hata tone la maji. Wapo waliopanda wakarudi bila kuliona ziwa.

“Upande wa Nyasa ni kusini au mashariki?”

“Kusini mashariki, baba.”

Ami akaweka kikombe chini. “Hiyo ni kusi. Hii hii yetu.”

Na alikuwa sawa kabisa. Nimefundisha pepo za msimu tangu nianze kazi, lakini sikuwahi kuzifuata mpaka mlimani. Kusi inayovuma kwetu kuanzia Aprili mpaka Septemba ni sehemu ya upepo mkubwa unaotoka kusini mashariki. Tawi lake linapita juu ya Ziwa Nyasa, linabeba unyevu, linaugonga Mlima Rungwe na Uporoto, linalazimika kupanda, linapoa, linageuka wingu. Ndiyo sababu Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo sababu hata kiangazi ukungu haukauki. Upepo unaochafua bahari kati ya Mkoani na Unguja ndio ule ule unaofunika ziwa kule juu.

Kuanzia hapo mpango ukawa wake. Kusi, alisema, asubuhi huwa imelala. Jua likishapanda inakaza. Wavuvi wote wanajua hivyo. Kwa hiyo hakuna kuondoka saa tatu. Ukingoni tufike kabla ya saa nne na nusu, tuwe na ziwa mbele yetu wakati upepo bado haujaamka. Saa saba na nusu tugeuke, wingu liwepo lisiwepo. Tukaandika.

Binamu akasema basi tutoke saa kumi na moja alfajiri. Hapo na mimi nikapata la kuchangia. Mbeya iko magharibi yetu kwa kama digrii sita za longitudo, na kila digrii moja ni dakika nne za jua. Saa ya ukutani ni ile ile, jua ni tofauti. Ukiongeza kwamba mwezi wa Julai kusini kunachelewa kukucha, jua la Mbeya linachomoza kama nusu saa baada ya letu. Saa kumi na mbili na nusu, wakati Mkoani tunauona uso wa mtu, kule bado giza. Ami alilipenda hilo, akanitaka nilirudie. Tukaweka saa kumi na mbili na nusu kutoka nyumba ya wageni, ili tuanze kupanda jua likiwa limeshatoka. Adhuhuri nayo kule inachelewa, karibu na saa saba. Tukaamua tuisali ukingoni tuikutanishe na Alasiri kama wasafiri, ndipo tuteremke.

Likabaki suala la majini. Mimi nilitamani kulitia mkono ziwa. Rafiki yangu alieleza kwamba njia ya kushuka ndani ni ukuta mtupu, watu wanashikilia mizizi, na kupanda tena kunachukua muda kuliko kushuka. Ukichanganya na hewa ya juu, ambayo kwenye mita 2,600 ina oksijeni pungufu kwa kama robo ukilinganisha na pwani, miguu iliyozoea kilima cha bandarini Mkoani ingetuangusha. Niliifuta sentensi ile kwa kalamu yangu mwenyewe. Iliniuma, lakini saa ya kugeuka ingevunjwa na hilo tu.

Mavazi yalituchukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Kiangazi cha Mbeya usiku kinashuka chini ya nyuzi 10, na sisi wengine hatukuwa na sweta hata moja. Buibui halifai kwenye tope na mizizi. Mwalimu mwenzangu akashauri gauni fupi la magoti juu ya suruali pana, mtandio uliofungwa nyuma ya shingo ili usinase kwenye miti, koti la mvua juu. Ndivyo tulivyovaa, na sikujuta. Chakula kikawa tende, mayai ya kuchemsha, boflo, na halua ya Wete, ambayo kipande kidogo kinampandisha mtu mlima mzima.

Kabla hatujaachana ami akatutafutia siku ya kuvuka. Kusi ikikutana na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, alisema, mkondo unasimama wima. Akahesabu mwezi kwa vidole, akatupa siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu. Akatutaka tuache siku moja tupu kabla ya mlima, boti ikichelewa isiile siku ya Ngozi. Siku hiyo ilitufaa kwa jambo jingine: tulilala Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, mwili ukaanza kuzoea.

Safari ya basi siielezi sana. Tuliondoka Ubungo alfajiri, tukaona twiga kando ya barabara Mikumi, tukaukwea mlima wa Kitonga nyuma ya malori, usiku tukafika. Nilivyoshuka baridi ilinipiga kifuani.

Siku ya Ngozi tulikwenda na kijana wa kijijini anayeongoza wageni. Kwanza mashamba ya viazi mviringo, udongo mweusi unaoshikamana na viatu, kisha ghafla msitu. Migomba ya mwituni yenye majani makubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Mianzi. Miti yenye ndevu za kuvu mpaka matawini. Njia inapanda bila kupumzika, na mimi nikawa napumzika kwa niaba yake, hatua ishirini, kusimama, hatua ishirini. Kijana aliokota kinyonga kwenye fito, akamweka mkononi mwangu. Miguu yake ilinishika kidole kama anayeogopa kuanguka. Binamu alilalamika kichwa kinamgonga kidogo, tukampa maji na tende.

Saa nne na dakika kumi msitu ulifunguka.

Nilikuwa nimelichora ziwa lile mara nyingi kwa chaki nyeupe. Sikujua kuwa ni kijani. Kijani kizito, limelala chini kabisa, na upande wa pili ukuta unasimama na kila mti wake unaonekana. Hakuna chombo, hakuna nyumba, hakuna ufukwe. Nilikaa chini kwenye majani yenye umande na kulia, na mwalimu mwenzangu akanishika bega bila kusema kitu. Tulikaa pale. Tulikula. Nilichora tena, safari hii kwa penseli na kwa kuangalia.

Saa sita na robo ulimi wa kwanza wa wingu ukavuka ukuta wa kusini. Haukuja kwa kishindo. Ulimwagika ndani kama maziwa yanayochemka juu ya sufuria, tena polepole, na katika muda wa kusoma Yasini moja ziwa lote likawa limekwenda. Tulisali Adhuhuri na Alasiri ndani ya weupe huo, koti za mvua zikiwa ndizo misala. Saa saba na nusu binamu alitaka tungoje pengine litafunguka. Nikamwonesha saa. Tukateremka.

Njiani tulikutana na kundi la vijana wanapanda, wamechelewa, wana furaha. Kijana wetu aliwaambia kwa upole kwamba juu kumefunga. Waliendelea.

Tulipofika Uyole nilipata mtandao nikampigia ami. Hakuuliza kama ziwa ni zuri.

“Wingu limeingia saa ngapi?”

“Saa sita na robo, ami. Kutokea kusini.”

“Na maji yale yanakwenda wapi, kama mto hamna?”

Nikamwambia mengine yanapanda hewani kwa jua, mengine yanapenya chini kwenye mwamba wa volkano. Akataka kujua kina. Nikamwambia mita sabini na kitu. Alinyamaza akilipima na Mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita.

“Haya. Sasa nisikilize,” akasema. “Huku kusi imekaza tangu jana. Mkifika Unguja msivuke siku hiyo hiyo. Laleni kwa shangazi yako Kikwajuni, mimi nitakupigia nikiiona bahari imetulia.”