Nilivyoingia uzamili wa falsafa nikitokea uhasibu

Shahada yangu ya kwanza ni ya uhasibu. Nilipopeleka maombi ya uzamili wa falsafa, karani wa udahili aliniuliza mara mbili kama sijakosea fomu.

Sikukosea, ila masharti nilikuwa nimeyasoma vibaya. Vyuo vingi nilivyopitia vilitaka yaleyale: shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri, nakala rasmi ya matokeo, barua tatu za walimu wanaokufahamu, maelezo mafupi ya unachotaka kusoma na kwa nini, na insha ya mfano ya kurasa 10 hadi 20. Nikajua matokeo ndiyo yatakayonibeba, insha ni ya kukamilisha bahasha tu. Kumbe ni kinyume. Wanaodahili wanataka kuona unavyofikiri, na alama za uhasibu haziwaonyeshi hilo.

Insha yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 18 kuhusu maana ya maisha tangu Sokrates hadi leo. Nilimpelekea mwalimu mmoja aliyewahi kunifundisha somo la hiari la falsafa. Ilirudi na mstari wa penseli uliokata kurasa tatu zote za mwanzo, na pembeni mwa ukurasa wa nne maneno mawili: "Unadai nini?" Nilikasirika siku nzima. Usiku nikaisoma tena na kweli, sikuwa nadai chochote. Nilikuwa nasimulia wakubwa walisema nini.

Nikaanza upya na swali dogo. Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu akionyesha kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, tena kwa sababu nzuri, na bado tukasita kusema analijua. Mfano wangu niliutoa kazini. Mhasibu anapokea jumla ya mauzo kutoka kwa msaidizi ambaye hajawahi kumwangusha. Siku hiyo msaidizi ameruka stakabadhi moja na kuihesabu mara mbili nyingine ya kiasi kilekile. Jumla ni sahihi, na mhasibu ana kila sababu ya kuiamini. Je, anaijua? Kurasa 12 zilitosha, na uhasibu niliokuwa nauonea aibu ukawa ndio unaonitofautisha.

Barua niliziomba wiki sita kabla, kila mwalimu nikimpa insha yenyewe ili awe na cha kusemea. Mwalimu anayekukumbuka kwa alama tu ataandika kuwa wewe ni mwanafunzi mwenye bidii, na barua ya namna hiyo haina uzito.

Nilikubaliwa kwa masharti: nimalize kwanza masomo matatu ya ngazi ya shahada ya kwanza, yaani mantiki, falsafa ya Wagiriki wa kale, na ile ya Ulaya ya karne ya 17 na 18, kuanzia Descartes hadi Kant. Ada nililipa, lakini hayakuhesabiwa katika krediti 30 za uzamili. Hili muulize mtu wa idara kabla hujasaini, maana linaongeza karibu mwaka.

Mantiki ndiyo iliyonitoa jasho. Jaribio la kwanza nilianguka kwa sababu nilichanganya "kwa kila mwanafunzi kuna mwalimu ambaye mwanafunzi huyo anamwogopa" na "kuna mwalimu anayeogopwa na kila mwanafunzi". Kwa mazungumzo zinakaribiana. Kwa alama za mantiki, kugeuza mpangilio wa "kila" na "kuna" kunabadilisha dai zima. Ya pili ikiwa kweli, ya kwanza nayo ni kweli, lakini huwezi kurudi kinyumenyume. Nilichofanya ni kuandika thibitisho mbili za mantiki, hatua kwa hatua, kila jioni, kisha asubuhi kuziandika tena bila kuangalia. Baada ya mwezi mkono ulizoea.

Uzamili wenyewe ulitaka masomo yaliyogawanywa katika maeneo: maadili, metafizikia (maswali kuhusu uhalisia) na nadharia ya maarifa, historia ya falsafa. Kulikuwa pia na mtihani wa kusoma lugha ya kigeni, ambao idara nyingine hawana kabisa. Nilichagua Kijerumani, nikafasiri ukurasa mmoja nikiwa na kamusi mezani. Nilipita, si kwa kujivunia.

Mwisho wake unachagua tasnifu au mtihani mpana. Mtihani ungenifaa kwa muda, ila yule mhasibu wa insha yangu alikuwa bado hajaniachia, nikachukua tasnifu. Msimamizi alirudisha pendekezo mara tatu, kila mara akitaka nilipunguze.

Kwenye utetezi jopo lilikuwa la watu watatu. Wa mwisho kuuliza alimrudia yule msaidizi: kama mhasibu angezikagua stakabadhi zote isipokuwa hizo mbili, angekuwa amekaribia kujua, au yuko palepale? Nilisema yuko palepale, nikaeleza kwa nini, wakaniambia nisubiri nje. Waliponiita nilikuwa nimefaulu, na marekebisho kwenye sura ya pili.