Kwa nini taarifa ya kampuni haisemi "sisi"

Mpwa wangu ameajiriwa idara ya mawasiliano ya kampuni moja hapa Dar es Salaam. Jambo la kwanza lililomkera ni kuambiwa afute "tumezindua", aandike "kampuni imezindua". Anaona ni majivuno, mtu kujitaja kwa jina. Mimi mjomba wake, niliyefanya kazi ya uhariri gazetini, niko upande wa bosi wake.

Taarifa kwa vyombo vya habari hupita kwanza mkononi mwa mhariri. Kurasa zinakaribia kufungwa, inaingia taarifa inayosema "tumewapunguzia wateja wetu riba". Siwezi kuichapa hivyo, maana ndani ya gazeti "sisi" ni gazeti. Lazima niguse kila kitenzi, kila "yetu", kila "wetu". Nikipitiwa na "wetu" mmoja tu, kesho gazeti linaonekana linakopesha watu. Ile iliyoandikwa "kampuni" naipunguza mwishoni, naipa kichwa cha habari, inakwenda.

Mtindo huu waliuleta waandishi wa habari wenyewe. Ivy Lee alikuwa ripota New York kabla ya kuajiriwa na makampuni. Oktoba 28, 1906, treni ya umeme ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, wakafa watu zaidi ya 50. Kampuni za reli zilizoea kuficha ajali, lakini Lee aliwaandikia wanahabari maelezo kwa niaba ya Pennsylvania Railroad, na New York Times likayachapa kama yalivyo. Mpaka leo kila afisa uhusiano anaombea hivyo hivyo.

"Sisi" ina nafasi yake ndani ya alama za kunukuu, kinywani mwa mkurugenzi, kwa sababu hapo ina mwenyewe. Basi mkurugenzi aseme jambo la maana! "Tuna furaha kubwa kutangaza" nilikuwa naifuta moja kwa moja.

Ila kuomba radhi ni habari nyingine. "Kampuni inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza": umejitokeza wenyewe? Ujumbe unaokwenda kwenye simu ya mteja haupiti kwa mhariri yeyote, kwa hiyo sababu ya kujiita "kampuni" haipo tena. Wiki hii mpwa wangu anawaandikia wateja waliokatwa fedha mara mbili. Nimemwambia aanze na "Tuliwakata mara mbili", kisha ataje siku ya kurudishiwa, na bosi akitaka kuibadilisha sentensi hiyo, aitetee.