Sungura akisusa chakula

Haya nayaandika kwa mtu anayefuga sungura nyumbani kwa mapenzi tu, ambaye leo asubuhi kamwekea majani na sasa hivi anayakuta yapo vilevile, yamenyauka. Usilale nalo hilo. Mbuzi akisusa siku moja unaweza kumtazamia. Sungura hana siku ya kutazamiwa.

Pamba ni sungura wa mpwa wangu, aliyeniachia alipokwenda kusoma bweni Lushoto. Ni jike, mweupe, sikio moja lina baka la kahawia. Mimi nashona nguo barazani kwangu, Makorora mjini Tanga, na yeye hushinda chini ya meza ya kukatia, kwenye sakafu ya saruji ambako jua halifiki. Kutwa yuko miguuni pangu, kwa hiyo tabia zake nazijua. Nikitoa matembele kwenye mfuko huwa keshafika kabla sijainama.

Siku hiyo, joto la kaskazi limepamba moto, alikuja polepole. Akanusa. Akachukua jani moja kwa meno ya mbele, akalivuta mdomoni, akatafuna upande mmoja mara mbili tatu, kisha jani likamdondoka limelowa mate. Akageuka, akaenda kujikunyata pembeni, mgongo kaupinda, macho nusu wazi. Nilipomsogelea nikamsikia anasaga meno. Sungura akipapaswa akastarehe huwa meno yake yanagongana kidogo, kwa ulaini, unayahisi mkononi zaidi ya kuyasikia. Hii ilikuwa nyingine, ya kukwaruza, kwa nguvu. Mnyama huyu ni nadra kulia, na kwa kuwa maumbile yamemfanya wa kuwindwa, huficha maumivu hadi yamzidi. Ukimwona anaonyesha, ujue yameanza zamani.

Nikavuta trei yake ya haja. Huko ndiko kwa kuangalia, pengine kuliko hata bakuli la chakula. Sungura mzima hutoa vidonge vya duara, vikavu, vinavyolingana, mchana na usiku, na ukikipasua kimoja unaona nyuzi za majani ndani. Vya Pamba vilikuwa vichache, vidogo mno, vyeusi, vingine vimeungana kwa manyoya. Kipya hakikuwepo hata kimoja.

Tumbo la sungura halikuumbwa kupumzika. Nyuzi za majani ndizo zinazolisukuma. Mwanzoni mwa utumbo mpana kuna mfuko mkubwa ambamo vijidudu rafiki huchachusha kilicholiwa, na sehemu yake hutoka kama kinyesi laini kilichoshikana ambacho sungura hukila palepale kinapotoka, akapata humo vitamini na protini. Wengi wakimwona anafanya hivyo hukunja uso, kumbe ndio uhai wake. Sasa akiacha kula, mwendo wa utumbo hupungua, kilichomo hukauka na kugandamana, vijidudu vibaya huongezeka na kutoa gesi, gesi humuuma, na akiumwa anazidi kukataa kula. Mwili nao ukikosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, hadi ini linalemewa. Kutapika hawezi. Ndiyo maana saa 12 bila kula wala kujisaidia ni dharura, na kumwacha hadi saa 24 ni kuchezea roho yake.

Bibi wa nyumba ya pili alipita akamwona. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Huyo keshakwisha. Mchinje mapema asije akafa kibudu." Hakusema kwa ubaya. Kwetu sungura ni kitoweo, na mtu mwenye busara haachi kitoweo kipotee. Nikamjibu, "Bibi, huyu hachinjwi. Nimekabidhiwa na mtoto." Akanyamaza, akamtazama tena, akaenda zake.

Kijana ninayemfundisha kushona nilimtuma duka la dawa akaniletee bomba la sindano. Alirudi nalo, pamoja na chupa ya amoksilini ya watoto, ile ya unga wa kuchanganya na maji, ambayo muuzaji alimshauri tumnyweshe. Bahati njema nilikuwa nimeshampata daktari wa mifugo kwenye simu. "Dada, hiyo iweke mbali kabisa," akaniambia. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huwaua vijidudu rafiki, wale wabaya wakatawala na kutoa sumu, na sungura aliyekuwa na ugonjwa wa kutibika akafa kwa dawa. Hili naomba lishikwe kuliko lolote humu. Amoksilini inauzwa kila kona, na watu wanaitoa kwa kila kitu, kwa mapenzi kabisa.

Daktari alifika na pikipiki adhuhuri. Kazi zake nyingi ni ng'ombe wa maziwa, ambao hapa Tanga hawakosekani, lakini Pamba alimshika vizuri: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umebeba makalio, kwa sababu sungura akirusha miguu ya nyuma hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Akampima joto. La sungura mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40. La Pamba lilikuwa limeshuka chini ya 38, na sisi pale barazani tunajipepea kwa vipande vya maboksi. Nikamshika masikio. Yalikuwa baridi. Jasho linanitiririka shingoni na mkononi nimeshika masikio ya baridi. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Kisha akamsikiliza tumbo, ubavu huu na ule, muda mrefu. Utumbo uliopaswa kunguruma ulikuwa kimya. Akampapasa kwa vidole, na hapa akanieleza jambo ambalo kila mfugaji anapaswa kulijua kabla hajagusa chakula. Tumbo likiwa limevimba, limekaza kama mpira uliojazwa upepo, huenda njia imeziba, na hapo kumlisha kwa lazima ni kummaliza. Anachohitaji ni daktari, mbio. La Pamba lilikuwa limelegea. Akaridhika kwamba njia haijaziba.

Alimchoma maji ya dripu chini ya ngozi, kati ya mabega, ikatokea nundu laini. Kila nikiipapasa naikuta imepungua kidogo, na kufikia magharibi ilikuwa imeisha yote, mwili umeyanywa maji. Akampa meloksikam ya maumivu, na baada ya hapo dawa ya kuamsha utumbo. Maumivu kwanza, alisema, maana mnyama anayeumwa hali. Akaniandikia vipimo vya kila dawa kulingana na uzito, na vipimo hivyo siviweki hapa makusudi, vya kwako atakupa aliyempima wa kwako.

Kulisha, hilo ni la kwetu sisi wa nyumbani. Daktari alinielekeza nichukue chakula cha sungura cha vidonge, nikiloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, nikiponde kiwe uji unaopita kwenye bomba. Bibi akarudi. Mkononi ana kinu chake kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, amekisugua hadi hakina harufu. Akakaa kwenye mkeka akaponda, mimi nikachuja kwa chujio la chai. Hakusema neno juu ya kuchinja tena.

Nikamviringisha Pamba kwenye kanga kuukuu, kichwa tu nje, nikampakata akiwa amekaa wima. Asilazwe chali hata kidogo, uji utaingia mapafuni. Sungura ana pengo kati ya meno ya mbele na magego. Ncha ya bomba hupita hapo, pembeni, wala si kwa mbele. Unasukuma kidogo sana, unasubiri atafune, ameze, ndipo unasukuma tena. Kipimo changu kilikuwa mililita 10 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, milo minne au mitano kwa siku. Pamba ana kilo 2, kwa hiyo ni mililita 20, na hizo zilituchukua karibu nusu saa. Mara ya kwanza alibana mdomo, uji ukamwagikia kidevuni, nikamfuta ili manyoya yasigande. Bibi akawa anamsemesha kwa sauti ya chini: kula mama, kula mwanangu, kidogo tu. Akatafuna. Taya lilikwenda mara moja, likasimama, likaenda tena.

Usiku niliweka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa upande wake mmoja, na upande wa pili nikauacha wazi ili aweze kusogea akiona joto limezidi. Kati ya mlo na mlo nilimsugua tumbo taratibu, nikamwacha atembee chumbani, kwa kuwa mwendo wa miguu huusaidia utumbo. Niliweka na jani la mnanaa karibu na pua yake, asipate kusahau harufu ya chakula. Hakuligusa.

Baada ya adhana ya alfajiri nikamulika tochi kwenye trei. Kidonge kimoja. Kidogo, kimepinda upande, lakini kibichi, ndiyo kwanza kimetoka. Nikakimbilia uani nikaita juu ya ukuta, "Bibi! Kanya!" Nikasikia mlango wake, na sauti, "Alhamdulillahi, mwanangu." Nililia, siwezi kuficha. Hadi jua kuchomoza vilikuwa vimefuatana vingine, na jani la mnanaa halikuwepo tena.

Nilipomsimulia daktari lile jani la matembele lililomdondoka, akasema hapo ndipo pa kuanzia. Sungura ana meno 28, na yote yanakua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kama hayasagiki. Kinachoyasaga ni meno kukutana sawasawa na kutafuna majani yenye nyuzi kwa muda mrefu. Taya la Pamba halikai sawa tangu kuzaliwa kwake, kwa hiyo gego moja la chini lilikuwa limeota ncha kali upande wa ulimi na kumchanja. Kwa nje huoni kitu, kinywa cha sungura ni chembamba na magego yako ndani sana. Daktari aliingiza kifaa chenye taa ndipo akaonyesha. Pamba alipopata nguvu akachomwa sindano ya usingizi, ncha ikasagwa. Na hapa kuna jambo lingine: mbwa au paka huzuiliwa kula kabla ya dawa ya usingizi asije akatapika akapaliwa. Sungura hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu, kwa hiyo alikula mpaka karibu na wakati wenyewe.

Joto nalo lilichangia, kwa maoni ya daktari. Asili ya sungura hawa wa kufugwa ni Hispania na Ureno, si huku. Hawatoki jasho, joto hulipunguza kwa masikio, na hali ya hewa ikipita nyuzi 30 wanateseka na kupunguza kula. Kwa hiyo kaskazi likiingia nagandisha maji kwenye chupa ya plastiki, naivika kitambaa, naiweka chini ya meza. Pamba hujinyoosha ubavuni mwake wakati mimi nakata nguo.

Gego litarefuka tena, hilo nimeambiwa, na daktari anapita kuliangalia kila baada ya wiki kadhaa. Mpwa wangu nimempigia simu nikamweleza yote, akataka nimwekee simu sikioni kwa Pamba, nikamwekea.

Kwa mliopo Tanga mnaotafuta majani makavu yenye nyuzi za kusaga meno: wafugaji wa ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa mji huwa na marobota ya hei. Robota moja ni kubwa mno kwa sungura mmoja, mnaweza kugawana. Kabla hujalipa, chana katikati yake uchungulie na unuse. Likiwa na rangi ya kijani iliyofifia na harufu tamu, chukua. Ukiona vumbi jeupe la ukungu, liache hapohapo, katafute ukoka mbichi usiopuliziwa dawa.