Siku moja ya mwalimu wa sauti, siku kumi kabla ya onyesho

Saa 11 alfajiri

Mbagala haina haja ya saa ya kuamshia. Adhana ikisomwa, naamka. Kanuni yangu ya kazi ni kutoitumia sauti kwa nusu saa ya kwanza, kwa sababu nyuzi za sauti huamka zimevimba kidogo na ute umezilalia. Shida ni kwamba naishi na mama, na kwetu mtoto hapiti mbele ya mama yake asubuhi kimya kama paka. "Shikamoo mama" lazima isikike, tena isikike vizuri, la sivyo nitaulizwa nimenuna nini. Basi kanuni yangu ya kitaaluma huvunjika kila siku kwenye dakika ya nne, kwa heshima zote.

Baada ya hapo nakunywa maji ya uvuguvugu na kuguna "mmm" polepole, juu chini, huku nachemsha chai. Mama ameshazoea. Mgeni akilala kwetu hudhani naumwa tumbo.

Saa 1 asubuhi

Daladala ya kwenda Temeke. Nimesimama, nimebanwa, lakini namsikiliza konda. Anaita "Temeke, Temeke, Temeke!" tangu alfajiri na sauti bado inang'aa, maana haitoi kooni. Anaiweka mbele, kwenye mifupa ya uso, ndiyo maana inakata kelele za injini bila yeye kutoa mishipa ya shingo. Kuna siku nilitaka kumwomba aje darasani. Nikaona haya.

Saa 3 asubuhi

Shule yetu ya sanaa ni ukumbi mmoja wa jamii, stoo moja, na kibaraza kinachotazamana na mafundi wa mageti. Asubuhi ni ya watu wazima, kwa sababu wao ndio wanaolipa pango. Watoto hulipa kinachopatikana, na wengine hawalipi kabisa.

Wa kwanza leo ni mshereheshaji wa harusi. Mwishoni mwa wiki alikuwa na shughuli tatu mfululizo, na amekuja anakwaruza kama redio yenye betri chovu. Mkononi ana chupa ya tangawizi na asali.

"Kaka, hiyo inakusaidia nini?"

"Inapaka zile nyuzi, dada. Zinalainika."

Nilimwambia ukweli. Kinachomezwa hupita kwenye umio, na nyuzi za sauti zimekaa kwenye njia ya hewa. Tangawizi ikizifikia hutapona, utapaliwa. Kinacholainisha nyuzi ni maji yaliyokwisha kuenea mwilini, ndiyo maana maji ya harusi ya Jumamosi uanze kuyanywa Ijumaa. Mvuke nao unasaidia, kwa kuwa unavutwa na pumzi. Tangawizi huliwaza koo, sikatai, hata mimi naipenda. Lakini haipaki kitu. Alinitazama kana kwamba nimemtukania bibi yake.

Nikampa mrija na glasi ya maji nusu. Unatumbukiza mrija, unapuliza mapovu huku unatoa "uuu", unapanda na kushuka kama king'ora. Linaonekana jambo la watoto, ila hewa inayosukumwa kurudi nyuma na ule mrija huziwezesha nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani, ndiye aliyelitangaza sana zoezi hili. Dakika kumi baadaye kaka akasema "mabibi na mabwana" na yeye mwenyewe akashtuka.

Nikamkataza mambo mawili: kunong'ona, ambako watu hudhani ni mapumziko kumbe huweza kuzichosha nyuzi vilevile, na kushindana na spika kabla hajapewa maiki. Na kama wiki 3 zitapita bado anakwaruza, asije kwangu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mimi ni mwalimu, sina kifaa cha kuchungulia kooni kwa mtu.

Saa 5 asubuhi

Sasa ugomvi. Kila siku saa 5 nagombana na mpiga kinanda wetu, na leo ulikuwa mkubwa.

Igizo letu ni ile hadithi ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anakuja usiku kuchota, hadi Kobe alipojificha ndani ya maji na kumdaka mguu. Watoto wetu hawahitaji kuelezwa. Karibu wote wameshawahi kupanga foleni na madumu, na kila mmoja anamjua mtu wa mtaani kwao anayechota bila kuchanga. Tunaigiza kwa nyimbo mwanzo hadi mwisho.

Mpiga kinanda ni hodari. Amekulia kwenye kwaya ya kanisa, anasoma solfa, zile do-re-mi za kwenye karatasi, kama mtu anayesoma gazeti. Ila anatunga muziki kwanza, maneno anayabandika baadaye. Kwenye wimbo mkuu, "Maji ya kisima ni ya wote", noti ya juu kabisa na ndefu kuliko zote imeangukia kwenye "ki".

"Kaka, KI-sima ni nini? Hilo ni jina la mtu."

"Dada, usiniharibie wimbo. Watu watasikiliza kinanda."

Hapo ndipo nilipopandisha. Kiswahili chetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-SI-ma, WO-te. Hakuna aliyetufundisha, tumeinyonya. Na panapovunjwa utaratibu huo, maana huhama. Chukua neno barabara. Ukikaza silabi ya tatu, ba-ra-BA-ra, magari yanapita. Ukikaza ya pili, ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa kabisa. Herufi ni zilezile. Mtazamaji aliyekaa nyuma, karibu na mafundi wa mageti, akisikia mkazo umekaa pabaya hupoteza neno, na akiwa analitafuta, maneno matatu mengine yameshapita. Nyimbo za kigeni zilizotafsiriwa ndizo zenye ugonjwa huu kuliko zote. Unasikia Kiswahili, lakini kimevaa viatu vya kuazima.

Halafu kuna "mtu". Ile "m" ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo, kwa hiyo inadai noti yake. Yeye kaipa "mtu" noti moja, watoto wakatafuta pa kuweka "m" wakakosa, sasa wanaimba "mutu". Kwenye rumba ya Kikongo ningelipenda sana. Kwa mtoto anayeigiza Fisi hapa Temeke, hapana.

Kaka alinuna mpaka wali ulipoletwa. Mama ntilie wetu anajua kuamua ugomvi. Alitazama nyuso zetu akaongeza maharage bila kuulizwa. Saa 7 na robo mpiga kinanda aliijaribu upya, "ki" ikiwa ngazi ya kupandia na "si" ikiwa juu. Hakusema kitu. Alicheza tena. Na tena.

Saa 8 mchana

Wadogo wanaanza kufika, sare za shule bado mwilini, "shikamoo ticha" ishirini na kitu, "marahaba" ishirini na kitu. Joto la saa hizi halisemeki. Tunatandika mikeka, kila mtu analala chali na daftari tumboni. Ukivuta pumzi daftari lipande, mabega yatulie. Mmoja alisinzia, nikamwacha. Alikuwa anapumua vizuri kuliko wote.

Kupasha sauti tunatumia bodaboda. Midomo inatetemeka "brrr", pikipiki inapanda mlima, inateremka, inakata kona, inaishiwa mafuta. Vitabu vina jina lingine la zoezi hili, lakini sijawahi kuona mtoto akilifurahia kwa jina hilo. Baadaye nawapa noti ya "la" kutoka kwenye kinanda na kuwaambia: sasa hivi nyuzi zako zinafunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde moja. Kuna kabinti kaliniuliza ni nani aliyezihesabu.

Saa 10 jioni

Wakubwa. Hapa shuleni tunaitana kwa nafasi za igizo, kwa hiyo nitasema Sungura, Fisi na Kobe.

Sungura ana miaka 14, ana macho ya ujanja, na alipata nafasi hii mwezi wa pili akiwa na sauti ya kioo. Leo alipofika kwenye "nani kaniona, nani kanishika", noti ya juu ikapasuka vipande viwili. Fisi akaangua kicheko. Fisi hucheka, ndiyo nafasi yake, lakini kicheko kile hakikuwa cha igizo. Sungura akakaa chini, akavuta shati juu ya kichwa.

Nikasimamisha mazoezi. Nikawaeleza wote, si yeye peke yake. Kwamba kwa mvulana kikoromeo hukua, nyuzi zinarefuka na kunenepa, na sauti hushuka karibu oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, wakati mwingine kwa miezi michache tu, huku ubongo bado unaliendesha gari jipya kwa mazoea ya gari la zamani. Kwamba ya wasichana nayo hushuka, ila kidogo, hivyo hakuna anayeona. Kwamba hakuna dawa wala hakuna ugonjwa. Kinachoharibu ni kulazimisha noti za juu kwa nguvu. Wavulana wengine wawili wakaanza kujishika shingo.

Maelezo yalikuwa mazuri, lakini tulibaki na siku kumi na Sungura asiye na wimbo. Mpiga kinanda alishusha ufunguo. Juu akapona, chini akazama. Tukashusha mara ya pili, wenzake wa kiitikio wakawa wananguruma. Umeme nao ukaona huo ndio wakati wake wa kukatika. Kinanda kimya, feni kimya, mashine za mafundi kimya.

Nikawapa mapumziko, nikatoka kibarazani kutafuta hewa. Nyuma yangu, ngoma. Kobe alikuwa anapiga, na Sungura, akidhani sipo, alikuwa anayachana maneno ya wimbo wake kwa mwendo wa singeli. Singeli ni muziki wa hapa hapa Dar, wa uswahilini, na kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Wakubwa wengi huuita kelele. Mimi, nakiri, nilikuwa mmoja wao. Sasa sikiliza kijana akiifanya: hakuna mwanya wa kupumua, kwa hiyo anaiba pumzi, kinywa kinafunguka kidogo, hewa inaingia, neno halikatiki. Yuko kwenye noti mbili tatu tu, zote za sauti yake mpya ya chini, haendi karibu na pale panapopasuka. Na kila mkazo uko mahali pake. KiSIma. Kila M-tu. Nilichokigombania tangu saa 5, yeye alikuwa nacho bure.

Nilirudi ndani nikawaambia Sungura hataimba tena, atachana, na kiitikio kitabaki cha wote. Mwizi wa maji anayeongea upesi hivyo, ni lazima awe mwizi.

"Dada, kinanda kiende wapi kwenye mapigo 200?" aliuliza kaka.

"Kitulie, kaka. Kisikilize."

Hakufurahi. Ana haki.

Saa 12 kasorobo

Bibi mmoja hutoka Tandika kumfuata mjukuu wake, ambaye ndiye Kobe. Hukaa kwenye benchi la mlangoni, miguu kanyoosha, na kawaida hasemi neno. Leo tulikuwa tunafanya mwanzo wa igizo. Mimi naita "Paukwa!", watoto wanaitika "Pakawa!", tunaendelea. Bibi akagonga benchi.

"Mwalimu, na nyingine mmeipeleka wapi?"

"Nyingine ipi, bibi?"

Akaitoa yote: "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa," mpaka kwenye vilango vya kupitia. Hakuiimba wala hakuisema, ilikuwa katikati, na kila mwisho wa mstari ulishuka kidogo kama mtu anayetua ndoo. Ukumbi ukanyamaza. Mimi niliwahi kuisikia udogoni nikaisahau, na watoto wale 19 hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Nikaomba radhi, nikatoa simu, nikamwomba arudie nirekodi.

"Nirudie mara ngapi?"

"Mara moja tu, bibi."

Alirudia mara tatu, kila mara kidogo tofauti, na ya tatu akiwasahihisha watoto waliokuwa wanamfuata. Umeme ulirudi katikati, hakuna aliyekwenda kuwasha kinanda. Kisha adhana ya Magharibi ikaanza, tukanyamaza kama tunavyofanya kila siku, na ilipokwisha nikawatawanya kabla giza halijaingia. Bibi alikataa nauli. Alichukua maji ya chupa.

Saa 1 usiku

Darasa la watu wazima, saa nzima, walikuja wanne. Mazoezi ya pumzi, wimbo mmoja. Nilikuwa nimechoka, na ilionekana.

Saa 3 usiku

Nyumbani. Mama anauliza siku imekwendaje, namwonyesha koo kwa kidole, anacheka, ananisogezea ugali na dagaa. Usiku ananisamehe kutosema. Asubuhi tu ndiyo hana huruma.

Niko ndani ya chandarua simu inapolia. Ni Sungura, ametuma sauti ya dakika moja na nusu. Amekaa chooni nadhani, kwa mwangwi ule, na kuna mtu nyuma anamwambia apunguze. Anachana beti zote nne. Kwenye ya tatu, akiwa kasi kabisa, sauti inapasuka na kuruka juu, kama Sungura aliyeshikwa mguu kweli.

Chini ameandika: "Ticha hapo ilipopasuka nirudie?"

Nikasikiliza tena. Nikaandika: "Acha ivyo ivyo. Ila beti ya pili umesema mutu."