Kumbukumbu ya mradi wangu: kupiga rivasi na semi, sasa mkia umeanza kutii

Mradi wangu wa kujifunza kupiga rivasi na semi, yaani kichwa kinachovuta trela, unaendelea. Chombo ninachojifunzia ni kichwa cha Scania usukani kulia na trela la ekseli tatu la kubebea kontena la futi 40, bado halina mzigo. Nafanyia yadini Kurasini, Dar, jioni magari yakishapungua, ananisimamia mzee mmoja aliyekula barabara ya Tunduma miaka mingi.

Kurudi nyuma kwa kunyooka sa hivi kupo vizuri. Pale siri ni kuwahi, ukiona trela limeanza kujaa kwenye kioo kimoja unageuza usukani kuelekea kioo hichohicho, kidogo tu, likinyooka unarudisha. Ekseleta siigusi kabisa, klachi naachia yote gari linatembea lenyewe taratibu, maana ukilikimbiza mkia unakutoka kabla mikono haijafika.

Kazi kubwa kipindi hiki imekuwa kuingiza kati ya magari mawili, kona ya nyuzi 90 upande wa dereva, na hapa ndo nimeelewa kwa nini Mzee kila siku ananiambia "dogo, rivasi inapigwa wakati unaenda mbele." Zamani nilikuwa naangalia mikono yake tu kwenye rivasi kumbe kazi ameshaimaliza kabla hajaweka gia. Anapita mbele ya lile tundu, yaani nafasi kati ya yale magari mawili, akiwa mbali nalo kidogo, nafasi ikishabaki nyuma ya bega lake anakata kushoto, ananyoosha, anasimama gari limekaa mshazari karibu nyuzi 45, yaani mkia tayari unalichungulia tundu na yeye dirishani anaviona vyote viwili kwa pamoja. Ukikaa hivo rivasi inabaki ndogo, unapeleka usukani kushoto kidogo mkia uanze kuja kulia, ukishaanza tu unauacha, unageuza kulia ili kichwa kiufuate mpaka vinyooke pamoja. Kuufuata mkia mapema ndo kunakotaka mazoezi, ukichelewa trela linakunja na usukani hauokoi tena, hozi za breki nyuma ya kabini zinaanza kuvutika na kona ya trela inaisogelea kabini, hapo dawa ni kwenda mbele unyooshe uanze upya. Mzee mwenyewe na uzoefu wake wote anaenda mbele bila kujiuliza mara mbili.

Kingine kaniteremsha niangalie tairi wakati yeye anageuza. Trela linazungukia ekseli ya katikati, kwa hiyo tairi za ekseli ya mbele na ya nyuma zinaburuzwa kwa ubavu, unaona kabisa mpira unajipinda kwenye rimu na sakafu inabaki na mistari myeusi. Hilo ni trela tupu jamani, vuta picha likiwa na mzigo. Tangu siku ile kona kali ya papo hapo nimeiacha, natumia nafasi yote niliyopewa.

Upande wa kushoto bado naufanyia kazi. Trela likishakunja kushoto kioo cha kulia hakina msaada na cha kushoto kinaonyesha ubavu mtupu, mkia huuoni, kwa hiyo naendesha kwa macho ya tingo, yaani msaidizi wa dereva anayesimama chini. Tumekubaliana mkono wake unaonyesha mkia uende wapi, usukani aniachie mimi, na akipotea kwenye kioo nasimama hapohapo hata kama anapiga kelele "leta leta". Na kabla ya yote nashuka, nazunguka nyuma, naangalia na juu pia, kuna nyaya na mabati ambayo kioo hakikuonyeshi.

Kushoto kukikaa sawa Mzee anasema tunahamia kwenye puling, yaani trela lenye ekseli mbele na nyuma linalovutwa na lori. Ile ina maungio mawili, kwa hiyo usukani nao unageuka kinyume na semi. Kabla ya hapo nataka nichore mistari ya chokaa yadini nipunguze upana wa tundu kidogo kidogo, nikishachora ntaandika vipimo.